Dirisha Moja kwa Miaka 14

 

Wazazi zaidi ya mmoja wametuuliza kuhusu watoto wao wanaotaka kujifunza kupiga picha. Mmoja ana binti aliyemaliza shule, naye anatamani kamera kuliko cherehani. Mwingine ana kijana asiyeshika kitabu, lakini simu haimtoki mkononi. Wote wanauliza jambo moja: je, kazi hii ina heri ndani yake? Tungeweza kujibu kwa neno moja, lakini neno moja lingekuwa dhuluma kwa swali. Picha si kitu kimoja, kama vile maneno yasivyokuwa kitu kimoja. Kwa ulimi ule ule mtu humdhukuru Mola wake, na kwa ulimi ule ule akamsengenya jirani yake. Kwa hiyo tumeonelea tumtwae mpiga picha mmoja tu, tuikalie kazi yake kama mwanafunzi wa chuoni anavyoikalia matini, mstari baada ya mstari, kisha tuangalie imetufunza nini.

Tuanze na hukumu. Wanavyuoni wametafautiana juu ya sura za viumbe wenye roho, na khitilafu hiyo ni ya zamani. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja aliyekuwa akijitafutia riziki kwa kuchora alimwendea Ibn Abbas (R.A.), naye baada ya kumkanya akamwelekeza kwamba, ikiwa hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Kutokana na hapo jumhuri ya wanavyuoni hawakuona ubaya katika sura za miti, milima na majumba. Imam Nawawi anamtaja Mujahid peke yake kuwa aliuchukia mti wenye matunda. Kamera ilipokuja, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kuzihalalisha picha zake. Hoja yake ni kwamba kamera haiumbi kitu, bali hukizuia kivuli cha kitu ambacho Mola amekwisha kukiumba. Wako waliompinga, na wapo wanaompinga hadi leo. Hatukusudii hapa kuimaliza khitilafu hiyo. Tunakusudia kusimama pale ambapo njia ni pana: picha za miti, mawe, maji, majumba na mwanga. Huko ndiko aliko mtu wetu wa leo.

Jina lake ni Josef Sudek. Alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Kolín, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki na wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Austria na Hungary. Hakuwa wa dini yetu, wala hatumleti hapa awe kiigizo cha imani. Wazee wetu walitufunza kuiokota faida popote ilipoanguka. Ufundi wake wa kwanza ulikuwa kujalidi vitabu, kazi ambayo watu wa pwani hii wanaijua heshima yake, kwani Siyu, kule kisiwani Pate, palikuwa na mafundi wa kunakili na kujalidi misahafu. Ni kazi ya mikono miwili: mmoja hushika, mwingine hushona. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuja, Sudek alichukuliwa kuwa askari, akapelekwa uwanja wa vita wa Italia. Huko alijeruhiwa mkono wa kulia, na madaktari wakaukata tangu begani. Alirudi kwao akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mkono hana, na ufundi umekwenda na mkono.

Akazunguka katika nyumba za kuuguza askari, na hapo ndipo kamera ilipomwokoa. Miongoni mwa picha zake za mwanzo ni za wenzake walemavu waliokuwa wakiishi katika jumba la Invalidovna, mjini Prague. Mwaka 1922 aliingia shule ya serikali ya sanaa za uchapaji, akasomea upigaji picha rasmi. Mwaka 1926 alifuatana na wanamuziki rafiki zake hadi Italia, kisha akawatoroka, akaenda peke yake kupatafuta mahali alipoupoteza mkono wake. Mahali alipaona, mkono haukuwapo. Akarejea Prague, na tangu hapo akaachana na safari za nchi za mbali. Mwaka uliofuata alihamia kibanda cha mbao kilichokuwa uani, nyuma ya majumba ya mtaa wa Újezd, akawa anafanya kazi na kuishi humo pamoja na ndugu yake wa kike, Božena, ambaye ndiye aliyekuwa msaidizi wake katika chumba cha giza.

Tusimame hapa kidogo kabla ya kuziangalia picha zenyewe. Katika nyumba zetu wamo watu waliofikwa na mtihani wa mwili: aliyeanguka mnazini, aliyepigwa na gari, aliyezaliwa na upungufu. Wengine tunawalisha vizuri na kuwavisha vizuri, lakini tumewafungia kazi. Tumewahukumu kwamba wao sasa ni wa kuhudumiwa tu mpaka siku yao ifike. Sudek alikuwa akibeba begani kamera nzito ya mbao pamoja na miguu yake mitatu, akapanda nayo vilima vya Prague kwa mkono mmoja. Na nyuma yake alikuwako mwanamke wa nyumbani kwake ambaye hakumwonea huruma ya kumkalisha, bali alimshika pale tu mkono wake ulipopungua. Huruma ya namna hiyo ni haba, nayo ndiyo yenye thawabu kubwa.

Sasa tuje kwenye kazi. Mwaka 1939 majeshi ya Ujerumani yaliikalia Prague, na kutembea mjini na kamera kukawa jambo la mashaka. Mwaka 1940 Sudek aliigeuza kamera yake kwenye dirisha la kile kibanda chake, akaendelea kulipiga picha hadi mwaka 1954. Ni miaka 14 ya dirisha moja. Ndani ya dirisha pana ukingo mwembamba, na juu ya ukingo huo mara pana gilasi ya maji, mara waridi ndani ya chombo, mara jiwe, mara kitu kingine cha nyumbani kisichokuwa na thamani. Nje pana ua mdogo, na ndani ya ua pana mti uliopindapinda, ambao fundi seremala asingeutazama mara mbili. Theluji huuangukia, mvua huunyeshea, majani huchipua na kupukutika. Hakuna zaidi ya hayo. Ukimweleza mtu kwa maneno, atakuuliza: kisha? Lakini ukizipanga picha hizo mbele yake atanyamaza, kwa sababu hazilingani hata mbili.

Ni namna gani alipata wingi huo kutokana na uchache huo? Tunaona mambo matatu katika mtindo wake.

La kwanza ni kioo chenyewe. Mpiga picha mwingine angelipangusa dirisha ili auone mti vizuri. Sudek aliliacha na jasho lake. Katika picha nyingi kioo kimejaa ukungu, au matone yanatiririka, au baridi imekigandisha hata kimefanya mfano wa majani, na ule mti uko nyuma yake kama kitu kinachokumbukwa. Hivyo picha yake ina mambo mawili kwa pamoja: ulimwengu ulioko nje, na pazia lililoko baina yetu nao. Hakujidai kwamba anaona kila kitu. Kuna adabu katika jambo hilo. Mtu mwenye ilimu hujua mpaka wa jicho lake, na mjinga ndiye anayesema nimeona yote.

La pili ni rangi, au tuseme kukosekana kwake. Watu hudhani picha isiyo na rangi ina vitu viwili, weusi na weupe. Mwanamke wa pwani hahitaji kufunzwa kwamba si hivyo. Anapoingia dukani kununua buibui, anajua weusi wa kitambaa kipya na weusi wa kilichofuliwa mara hamsini, weusi unaong'aa na weusi unaonyonya mwanga, weusi wenye ubuluu na weusi wenye uwekundu. Na kuta zetu za chokaa, je, si nyeupe moja alfajiri, nyeupe nyingine adhuhuri, na kijivu cha njiwa magharibi inapoingia? Sudek alifanya kazi humo, katika daraja za kijivu. Picha zake huelemea upande wa giza. Weupe mtupu ni haba, na kwa ajili hiyo upatikanapo, kwenye ukingo wa gilasi au juu ya jani moja la waridi, jicho huukimbilia kama mwenye kiu. Rangi ingetuambia haraka kwamba hili ni waridi jekundu, nasi tungepita. Rangi ilipoondolewa, hatuna budi kuuliza mwanga umetoka wapi na unakwenda wapi.

Na swali hilo kwetu si geni. Katika Surat al-Furqan tunaelekezwa kutazama jinsi Mola wetu anavyokitandaza kivuli, na kwamba angetaka angekifanya kitulie, kisha akalifanya jua kuwa dalili yake. Na katika Surat ar-Ra'd vinatajwa vivuli vinavyosujudu asubuhi na jioni. Aya hizi tunazisoma, tukafika kwenye ile ya sijda tukasujudu, kisha tukainuka na kutoka nje bila kukitazama kivuli hata kimoja. Yule asiyezijua aya hizi alikaa dirishani miaka 14 akikitazama kivuli. Ni aibu gani kwetu sisi tunaozijua!

La tatu ni namna ya kuichapa picha. Desturi ya wapiga picha ilikuwa kupiga kwa filamu ndogo, kisha katika chumba cha giza wakaikuza kwa mashine juu ya karatasi kubwa kadiri wapendavyo. Mwaka 1940 Sudek aliona picha ya kale, iliyopigwa kiasi cha mwaka 1900, ya sanamu ya mawe ya Chartres huko Ufaransa, nayo ilikuwa imechapwa bila kukuzwa. Ilimshika moyo. Tangu siku hiyo akaacha kukuza picha. Akawa anailaza filamu juu ya karatasi, uso kwa uso, kisha anapitisha mwanga. Kadiri filamu ilivyo, ndivyo picha itakavyokuwa, haizidi hata unywele. Matokeo yake ni kwamba akitaka picha ya sentimita 30 kwa 40, lazima abebe kamera ya kuchukua filamu ya sentimita 30 kwa 40, kwa ule mkono wake mmoja. Na malipo yake ni kwamba kila tone la maji kiooni limefika kwenye karatasi kama lilivyokuwa, bila kunyooshwa wala kupakwa mafuta. Sisi tunaita jambo hili uaminifu wa kipimo. Mfanyabiashara mwaminifu hakuzi alichonacho, hukipima, akakupa.

Mpaka hapa tumesema alichokitia katika picha. Sasa tuseme alichokiacha nje, kwani huko ndiko kuliko na swali la wazazi wetu. Sudek alipata kupiga picha za watu. Alikuwa akijitafutia riziki kwa picha za sura na za matangazo. Lakini katika mandhari zake za dirisha, za bustani na za vichochoro vya Prague, watu ni haba mno. Anakuonyesha kiti kilichokaliwa, njia iliyopitwa, gilasi iliyonywewa. Unajua kwamba yuko mtu, na hukuonyeshwa mtu. Miaka 14 alikaa ndani ya nyumba akitazama nje, wala hakuna aliyeweza kupitia picha hizo kuchungulia siri za nyumba ile.

Linganisheni na tunavyoitumia kamera leo. Sisi tumeigeuza. Tunasimama kama walioko nje, tunalipiga picha lililoko ndani, kisha tunalitangaza: chakula kabla hakijaliwa, chumba cha bibi harusi kabla hajaingia, mtoto akioga, mama mgonjwa kitandani, mwenda kuzimu kabla hajafunikwa. Dirisha lililojengwa ili tutazame nje tumelifanya mlango wa wapita njia kutazama ndani. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi tumelitoa la ndani tukalitundika mlangoni. Walisema pia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi tunakitembeza hata kile kizuri mpaka kinachakaa. Kwa hiyo, enyi wazazi, mkitaka kujua kama kamera ya mwanenu ina heri, msiulize kwanza ni ya bei gani. Tazameni imeelekezwa wapi, na ni sitara ya nani inayofunuliwa.

Huenda msomaji akasema: mtu aliyekaa akipiga picha gilasi na waridi wakati mji wake uko chini ya wavamizi, je, si mtu aliyefumba macho? Swali hili ni la haki. Jawabu lake limo katika kazi yake mwenyewe. Vita vilipomalizika mwaka 1945, alitoka akapiga picha majengo ya Prague yaliyobomolewa, ili hasara ijulikane. Na baina ya mwaka 1957 na 1962 alikwenda mara kwa mara katika nchi ya machimbo ya makaa ya mawe iliyo kando ya mji wa Most, kaskazini-magharibi ya nchi yake. Alikwenda na kamera kuukuu ya Kodak iliyotengenezwa mwaka 1899, ambayo hutoa picha ndefu ya sentimita 10 kwa 30, na ambayo alikwisha kuitumia kupigia Prague nzima kwa kitabu chake cha mwaka 1959. Picha ndefu namna ile hupenda mandhari yenye fahari, bahari au mji wenye minara. Yeye aliinyoosha juu ya ardhi iliyochimbuliwa, matope, nguzo za umeme na miti iliyokauka. Picha hizo zilikuja kutolewa kitabu mwaka 1999, naye amekwisha kufariki tangu 1976, na jina lake ni Nchi ya Huzuni. Mji wa kale wa Most baadaye ulibomolewa wote ili makaa yaliyo chini yake yachimbwe. Kilichookolewa ni kanisa lake, lililosogezwa juu ya reli mwaka 1975 kiasi cha mita 841.

Ndipo tukaona kwamba ule mti wa dirishani haukuwa kujificha. Ulikuwa ni kujifunza. Aliyeuzoea mti mmoja kwa miaka 14, akajua unavyokaa katika jua na katika ukungu, ndiye anayeweza kuona msiba wa miti elfu iliyokufa. Asiyewahi kuutazama hata mmoja, ukikatwa atajuaje? Huku kwetu mikoko inakatwa na machimbo ya mawe yanaachwa wazi kando ya vijiji, na vijana wenye kamera mifukoni mwao wanayapita wakijipiga picha wenyewe. Si kwamba hawana huruma. Hawajafunzwa kutazama.

Basi jibu letu kwa wazazi ni hili. Mwacheni binti ajifunze, na mumpe masharti ya Sudek kabla ya kumpa kamera ya thamani. Mwambieni achague pahala pamoja karibu na nyumbani: dirisha, ngazi, kisima cha zamani, kipande cha pwani wakati wa maji kujaa na kupwa. Apapige picha kila siku kwa mwezi mmoja, bila rangi, bila mtu ndani yake, wala asimtumie mtu yeyote hata moja. Mwezi ukiisha, kaeni naye sebuleni mzitazame zote pamoja, baba na mama na nyanya akiwapo, na kila mmoja aseme ameona nini. Akichoka siku ya nne, mmejua kwamba alitaka kusifiwa, wala si kupiga picha, na fedha zenu zimesalimika. Akifika siku ya thelathini naye bado anaona jambo jipya, basi huyo amepewa jicho, na jicho ni neema itakayoulizwa. Msimnyime.

Na yule kijana asiyeshika kitabu, mjaribuni kwa sharti lile lile. Mwenye kuweza kulisoma dirisha moja kwa mwezi mzima, ukurasa hautamshinda.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) ayatie nuru macho yetu, azistiri nyumba zetu, na awape kazi na heshima waliopewa mtihani wa viungo. Wabillahi tawfiq.